Kolibri nyumbani: tathmini kwa wazazi wa Lubumbashi wenye mtoto ambaye darasa linamshinda

Kolibri ni programu ya bure ya kusomea bila intaneti. Inatengenezwa na Learning Equality ya Marekani, walewale waliotoa KA Lite mwaka 2012. Kwa mtoto mwenye usonji, au yule asiyeweza kutulia na kukaza fikira, darasa lililojaa humchosha kwa kelele kabla somo halijaanza. Mtoto huyo Kolibri inamfaa kweli, mradi mzazi aipunguze kwanza. Jinsi inavyokuja ina vitu vingi mno.

Tuanze na vifaa, maana huko ndiko wengi wanakwama. Laptop ya Windows iliyokwisha kutumika inatosha kubeba masomo. Tableti ya mtoto inayafungua kwa kivinjari, ukiandika anwani ya laptop na :8080 mwishoni. Wengine wanapenda Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani, kwa sababu inakula umeme kidogo: chaja yake ni ya volti 5 na ampea 3 tu. Ila SNEL, shirika la umeme, wakikata ghafla wakati inaandika, kadi ya SD inaweza kuharibika na masomo yote yakapotea. Tena Pi 4 haina saa yenye betri yake: ikiwashwa pasipo intaneti inabaki na tarehe ya zamani, na ripoti za mtoto zinachanganya siku. Laptop yenye betri nzima inakuepusha na mambo yote mawili. Chukua hiyo.

Ruta, kifaa kinachounganisha laptop na tableti, nayo ina tabia yake. Umeme ukirudi inaweza kuipa laptop anwani mpya, na ile alama ya kufungulia Kolibri uliyoiweka kwenye tableti haifungui tena. Kwa mtoto wa usonji aliyezoea kugusa mahali palepale kila asubuhi, hilo peke yake linaweza kuharibu siku nzima. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uifungie laptop anwani moja ya kudumu.

Kwenye masomo, usipakue kila kitu. Kila chaneli, yaani mkusanyiko wa masomo, inaonyesha ukubwa wake kabla hujaichukua, na unaruhusiwa kuchagua mada moja moja. Mega zako za intaneti zitakushukuru. Anza na hesabu za Khan Academy kwa Kifaransa. Ipo chaneli ya Kiswahili pia, na inasaidia mtoto anapohitaji kuelezwa jambo jipya, lakini watoto wengi wa hapa wanahesabu kwa Kifaransa hata katikati ya maongezi ya Kiswahili, kwa hiyo kumpa hesabu kwa Kiswahili sanifu kunaweza kumwongezea mzigo wa pili. Ongeza African Storybook kwa hadithi fupi. Basi, inatosha kwa mwanzo.

Sasa mpangilio ambao ndio moyo wa jambo lote. Katika mipangilio ya kifaa ndani ya Kolibri, chagua mwanafunzi aone vile tu alivyopangiwa darasani. Fungua darasa lenye mtoto mmoja, ruhusu aingie bila nenosiri, halafu umwandalie somo la vitu vitatu: video fupi, zoezi, hadithi. Vikiisha, skrini haina pengine pa kumpeleka. Bila hatua hii, mtoto asiyetulia atafungua video ishirini bila kumaliza hata moja.

Mazoezi yana ukali wake. Mengi yanadai idadi fulani ya majibu sahihi mfululizo au karibu na hapo, kwa mfano 5 kati ya 7 ya mwisho. Akiomba kidokezo, au akikosea kisha akarekebisha, jaribio hilo halihesabiwi kuwa sahihi. Mtoto anayeumizwa na kosa ataona ameonewa, kwani si jibu ameishalipata? Mchoree kwenye karatasi alama ambazo Kolibri inaweka kwa kila jaribio na umweleze maana yake kabla ya zoezi la kwanza, si katikati ya kilio.

Upande wa mwalimu, ambao nyumbani ni wewe mzazi unaoutumia, ndio unaotupendeza zaidi. Ripoti inaonyesha kila jaribio kwa mpangilio wake. Makosa yakitawanyika tangu mwanzo, mtoto hajaelewa. Yakianza kurundikana mwishoni, anajua ila amechoka: fupisha kipindi, usirudie somo. 

Na mzazi mwenyewe ana kitu ambacho Kolibri haina, yaani kazi ya mikono. Tuseme anazalisha mbegu ya uyoga, yaani utando wa uyoga unaooteshwa ndani ya chupa. Mtoto apewe chupa zake zilizofungwa, apime kwa rula utando mweupe umeshuka milimita ngapi, asome kipimajoto cha chumba, aandike kwenye kaye (daftari) na achore grafu. Hizo ni hesabu anazozishika. Mtungi wa kuua vijidudu, wenye mvuke wa nyuzi 121, asiusogelee. Mtungi huo ukitoa mvuke hulia vikali, na masikio ya watoto wengi wa usonji hayavumilii. Chumba cha mavuno pia hapana, kwa sababu vumbi laini linalotoka kwenye uyoga uliokomaa linaweza kuamsha pumu na mzio.

Upungufu ni mkubwa katika mambo ya kwetu. Historia na jiografia ya Kongo, uraia, imla na mwandiko havimo kwa namna ya programu ya masomo ya taifa, wakati ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, inamsubiri mwisho wa darasa la sita na TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi, miaka miwili baadaye. Hayo yanataka kaye, vitabu vya shule na mtu wa kukaa naye. Mtoto asiyesema naye hatapata humu picha za kuwasilianisha. Bado anahitaji mtaalamu wa matamshi.

Usimfute shuleni kabla ya kuongea na mkuu wa shule juu ya uandikishaji wa mitihani. Siku ya kwenda, toa kumbukumbu za masomo kwenye sehemu ya data, katika ukurasa wa msimamizi: zinatoka kama faili la CSV linalofunguka kwa Excel. Chapisha miezi miwili ya mwisho uende nayo mkononi.