Simba au nyati: usimame au upande mti?

Ukikutana na simba ukiwa kwa miguu, simama. Kukimbia humwamshia silika ya kuwinda, na kwa mbio fupi hufikia kilomita 80 kwa saa. Mkabili, inua mikono, paza sauti nzito. Akishatulia, rudi kinyumenyume taratibu. Mara nyingi anapokujia mbio anatisha tu, na husimama ghafla mita chache mbele yako. Hapo ndipo wengi hushindwa kuvumilia wakageuka, na kugeuka ndiko kunakoua.

Nyati dume mpweke hababaishwi na kelele. Wahi mti, upande hadi miguu ivuke mita 3. Hakuna mti? Lala kifudifudi, jibane ardhini kabisa: pembe zake zilizopinda hupata shida kukuzoa. Mbele ya simba usithubutu kulala hivyo.