TAHADHARI: "Hina nyeusi ya asili" inayokoza nywele kwa nusu saa

Kuna wauzaji wanasambaza mtandaoni unga mweusi kwa jina la "hina nyeusi, majani matupu". Maelekezo yao: koroga na maji, paka, osha baada ya dakika 30, mvi kwisha. Maelekezo hayo hayo ndiyo yanayowaumbua.

Hina haitoi weusi. Rangi iliyomo kwenye jani lake huanzia chungwa na kuishia wekundu wa udongo, basi. Weusi wa mimea unatoka kwenye nili (unga wa majani ya mmea wa indigo), na kazi yake inataka subira. Kwa nywele fupi, gramu 100 za hina hukorogwa na maji ya vuguvugu ziwe kama uji mzito, zikafunikwa saa 8 hadi 12, zikakaa kichwani saa 3 au 4, zikaoshwa. Ndipo inapofuata nili: gramu 100, maji ya vuguvugu, chumvi kidogo. Isubiri dakika 10 hadi 15, kisha paka hapo hapo, maana ikicheleweshwa inapoteza nguvu. Ukiosha baada ya saa moja au mbili, nywele zinaweza kutoka na ukijani fulani. Usishtuke, weusi hukolea ndani ya siku mbili hivi.

Na kumbuka, unga wa hina ni wa kijani kilichofifia, na wa nili vilevile. Huo mweusi umetoka wapi?

Mara nyingi ni PPD (para-fenilenidiamini), kemikali iliyomo kwenye rangi nyingi za dukani. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 kwenye mchanganyiko unaofika kichwani. Kwenye pakiti isiyo na lebo hakuna aliyepima. Mwasho, malengelenge, kope kuvimba hadi jicho halifunguki: mara nyingi huchukua siku 1 hadi 3 kujitokeza, ndiyo maana watu hulaumu chakula au sabuni. Mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida huikataa maisha yote, hata ndani ya rangi halali ya saluni. Kwa hiyo unga unaoutilia shaka usiujaribu hata nyuma ya sikio. Jaribio lenyewe linaweza kukuanzishia mzio.

Unga mwingine hutiwa chumvi za madini, kama za risasi au shaba. Hizo hutulia tuli mpaka siku ya blichi ya nywele. Peroksaidi (haidrojeni peroksaidi, inayotumika kwenye blichi hiyo) ikikutana nazo, nywele hupata joto kali na kukatika. Pima kwa nywele zilizobaki kwenye kitana: vaa glavu, zipake unga huo, zioshe, zikaushe, kisha ziloweke dakika 30 kwenye glasi yenye mililita 30 za peroksaidi ya asilimia 6 na matone 20 ya amonia. Usifunike glasi, na fungua dirisha. Glasi ikipata joto, ikitoa povu au harufu mbaya, au nywele zikipauka ghafla, unga huo ni wa kutupa.

Wengine huongeza mchanga kwenye unga. Huo ni wizi mdogo tu: koroga kijiko kimoja cha unga kwenye glasi ya maji, mchanga utauona chini.

Mwombe muuzaji orodha ya viambato. Inapaswa kusomeka Lawsonia inermis (hina) na Indigofera tinctoria (nili). Akijibu "mitishamba ya siri", achana naye.

Aliyekwisha kupaka aoshe sasa kwa maji mengi. Uso ukivimba au pumzi ikibana, aende hospitali mara moja, na pakiti aibebe.