Mche wa kahawa: wa kivulini au wa juani?

Hapa Moshi, mche wa kahawa uliokulia chini ya migomba ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, na ule uliokulia juani hutofautiana hadi kwenye vitundu vya jani, yaani stomata.

Geuza jani, maana stomata za kahawa ziko upande wa chini tu. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke, ibandue kwa selotepu, kisha itazame kwenye hadubini. Jani la juani ni dogo na nene, vitundu vimesongamana; huweza kuvuta hewa ya ukaa kwa wingi, ila hupoteza maji zaidi. La kivulini ni pana, jembamba, vitundu vichache.

Linalonivutia zaidi ni kwamba idadi hiyo hupangwa jani likiwa bado changa, likishakomaa haibadiliki. Tena, majaribio ya mwaka 2001 kwa mmea wa Arabidopsis yalionyesha kuwa majani yaliyokomaa ndiyo hupima mwanga na kuyapasha habari machanga.

Ndiyo maana mche wa kivulini ukihamishiwa ghafla shamba la wazi, majani yake ya zamani huweza kuungua. Mimi nachagua kivuli kitaluni, kisha nakipunguza kidogo kidogo mpaka majani mapya yachipue.