Rangi ya Gari Iliyopauka: Kipi Ununue Kwanza Mombasa

Gari lililokaa miaka mingi Mombasa huzeeka juu kabla ya kuzeeka ubavuni. Milango bado ina rangi yake, lakini boneti, paa na buti vimekuwa vyeupevyeupe, na ukipitisha kidole kinatoka na unga. Mwenye gari anaingia duka la spea, anaomba "kitu cha kung'arisha," anapewa chupa ya kwanza iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Gari linang'aa Ijumaa, Jumatatu limerudi lilivyokuwa. Pesa nyingi za watu wetu zinapotelea hapo, na inauma, kwa sababu rangi nyingi zinazodhaniwa zimekufa bado ni nzima chini ya ule unga.

Unga huo ni tabaka la juu la rangi lililoharibiwa na jua. Mji wetu uko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na miale inayotua wima juu ya bati huvunja ile gundi inayoshikilia rangi, ikakauka na kupukutika. Nyekundu ndiyo huumia zaidi. Tia na upepo wa bahari wenye chumvi, maji ya visima vya kisiwani ambayo mengi ni ya chumvichumvi, halafu kunguru. Kinyesi cha kunguru kikipigwa na jua la mchana mmoja huacha alama isiyotoka kwa sabuni.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ijue rangi yako. Osha gari, likaushe, kisha tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja, haina klia juu, yaani lile tabaka angavu linaloifunika na kuikinga rangi. Magari mengi ya kale ya rangi kavu, isiyo na chembe za kumeta za metaliki, zile Peugeot 504 na Datsun nyeupe na nyekundu, yako hivyo. Kitambaa kisipochukua rangi ya gari, juu kuna klia, na karibu kila gari la rangi ya metaliki linayo. Hali ya tatu ndiyo mbaya: klia imeanza kubambuka, kingo zake zinainuka kama ngozi iliyoungua jua. Hiyo haina chupa. Ukiiona, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Nafasi ya kwanza naipa kompaundi laini, na sioni mshindani wake. Kompaundi ina chembechembe zinazokwangua tabaka lililokufa hadi ufikie rangi iliyo hai. Hakuna nta wala dawa ya kupuliza inayofanya kazi hiyo. Hizo hufunika tu. Mafundi wengi wa rangi wanaijua Farecla G3, na zipo pia za 3M, Meguiar's, Turtle Wax na Abro. Jina si hoja kubwa kama ukali wake. Muuzaji atakuambia ile kali inamaliza kazi haraka. Ni kweli, lakini klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, na ukishaimaliza hairudi. Anza na laini. Isipofaa baada ya kujaribu sehemu ndogo ya boneti, ndipo upande daraja moja, na ukimaliza na kali lazima urudie kwa laini ili kuondoa mikwaruzo yake. Nunua kopo dogo kwanza. Angalia kifuniko hakijafunguliwa, na bidhaa ya nje iwe na stika ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya.

Kazi yenyewe inawezekana kwa mkono, ila itakutoa jasho. Fanya asubuhi mapema au jioni, kivulini, bati likiwa limepoa kabisa. Kompaundi ikikaukia kwenye boneti ya moto utaifukuza kutwa nzima. Chukua eneo la ukubwa wa gazeti lililokunjwa, lisugue, lifute, ndipo usogee. Kwenye rangi ya tabaka moja sponji litageuka rangi ya gari. Usishtuke, ndiyo kazi inavyotakiwa kuwa.

Ukimpa fundi, muulize mashine yake. Ile inayozunguka tu hukata upesi lakini hupata moto, na mkono mzito huchoma rangi kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango, mahali ambapo rangi ni nyembamba zaidi. Ile inayozunguka huku ikitikisika ni ya polepole na salama zaidi kwa gari la zamani. Fundi makini hubandika tepu ya karatasi kwenye kingo, raba na plastiki kabla ya kuwasha. Pia mwombe akuonyeshe sponji lake. Likiwa na mchanga wa gari la jana, gari lako ndilo litakalokwaruzwa.

Kompaundi hiyohiyo ikisafisha pia taa za mbele zilizogeuka manjano, usishangae. Ni plastiki iliyopigwa na jua lilelile.

Nafasi ya pili ni kinga, nayo si hiari. Rangi iliyosuguliwa ikaachwa uchi kwa jua letu itapauka tena. Kwa Mombasa naichagua silanti, yaani kinga ya kutengenezwa kiwandani, kuliko nta ya kanauba. Kanauba hutoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi na mng'ao wake una joto zuri, hasa juu ya rangi nyeusi au nyekundu. Lakini kwa gari linaloshinda juani inaweza kuisha kwa wiki chache, wakati silanti nzuri inaweza kukaa miezi kadhaa. Mwenye kivuli nyumbani na muda wa kupaka mara kwa mara, kanauba itamfurahisha. Anayeegesha wazi Mwembe Tayari kutwa achukue silanti.

Ya tatu ni polishi inayosugua kidogo na kupaka kinga kwa pamoja. Inafaa kwa gari lililofifia bila kutoa unga, na kwa mtu asiye na siku nzima. Kwa boneti nyeupe kwa unga haitoshi.

Nne, seramiki. Ni kinga bora, hudumu mwaka au zaidi, lakini hufungia kila kilicho chini yake, madoa na mikwaruzo pia. Ile 9H iliyoandikwa kwenye chupa ni kipimo cha ugumu kwa penseli; haizuii mawe ya barabara ya Mariakani. Kwa gari la zamani naona ni pesa nyingi mno, isipokuwa rangi yake imeshafufuliwa vizuri.

Usinunue kabisa, kwa kazi hii, dawa ya kung'arisha matairi wala ya dashibodi. Huteleza, hukusanya vumbi, na silikoni yake itamsumbua fundi siku utakapotaka kupiga rangi. Mafuta ya taa nayo hulowesha unga ukaonekana umeng'aa kwa saa chache. Sabuni ya unga iachie nguo.

Ya mwisho ni kupiga rangi upya, na ndiyo dawa pekee ya klia iliyobambuka. Ni makumi ya maelfu ya shilingi, basi usikubali gari zima lipigwe ikiwa ubavu ni mzima. Mara nyingi boneti, paa na buti vinatosha. Sisitiza rangi na klia ya 2K, yaani ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Ile ya bei ya chini inayokauka kwa thina peke yake itapauka mapema juani, urudi ulikotoka. Omba fundi alinganishe rangi mchana, nje, kando ya mlango wa zamani. Gari likitoka kwake, lioshe kwa maji baridi yasiyo ya kisima, wala usilipake nta au silanti kabla ya mwezi kupita, kwani rangi mpya bado inapumua thina.