Spreya ya elfu tisini na tano kwenye mlango wa vioo 15

Jamani karibuni, na leo salamu fupi, maana hii spreya ya umeme ya kupulizia rangi imenifurahisha mno! Wati ngapi, kopo linabeba lita ngapi, yote yako kwenye boksi, mtasoma. Mimi nataka mtazame hapa kwenye pua.

Mnayaona haya masikio mawili? Yakiwa kulia na kushoto, rangi inatoka kama feni iliyosimama. Najaribu kwenye boksi… umeona? Nageuza, moja juu moja chini: feni imelala. Nikiyaweka mshazari, linatoka duara dogo. Hilo duara ndilo lililoniponya! Mlango huu una vioo 15, vitatu kwa vitano, na vijiti vya katikati havifiki upana wa vidole viwili. Ukipuliza feni pana, rangi yote inaishia kwenye gazeti lililofunika vioo. Sogea karibu na kamera. Mkono unaanza kutembea kwanza, ndipo nabonyeza… naachia ukiwa bado unatembea. Ukisimama tu, michirizi hiyo. Narudia na ubavu wa kijiti, nikiwa nimeinamisha pua… kona nayo imeshika. Brashi ingeacha alama hapa.

Kelele ipo, inavuma kama draya ya saluni. Na rangi ichujeni kwa soksi nyembamba, la sivyo pua inaziba.

Ila kazi yenyewe ni tepu. Vioo 15 kwa pande nne, vipande 60! Nimeanza alasiri, nimemaliza Isha. Naacha upenyo kama unywele kati ya tepu na mbao, rangi ishike kioo kidogo, ili maji ya kupangusia yasiingie ndani ya mbao. Kwa hiyo, nikifikiria vizuri, kama una mlango mmoja tu, chukua brashi ya inchi moja na nusu, utamaliza mapema. Mimi ninayo minne.

Bei? Kariakoo nimelipa 95,000. Duka la jirani, boksi lile lile, 130,000. Zungukeni! Na wanaoniuliza zile mashine kubwa za kupuliza rangi kwa presha, hizo mimi nawapa wenye kuta na mabati. Jumapili saa mbili usiku tuko mubashara, tunapuliza upande wa pili, njooni na maswali.

Sasa huu mlango wa pili nimepuliza asubuhi, umeshika. Wembe kwanza, napitisha kwenye ukingo ili rangi isichanike… navuta tepu polepole… tazama huo mstari! Kioo kisafi kabisa. Leteni kamera huku, natoa kingine.