Pesa za wazee zinakuja, lakini mamangu alivyodhalilishwa kuzichukua sitanyamaza

Naandika nikiwa bado nimekasirika, maana najua hasira ikipoa nitaacha, na hili si la kuachwa.

Mamangu ni mmoja wa wazee wanaopata pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee. Aliandikishwa katika ule usajili wa 2017, na mwaka uliofuata malipo yakaanza: shilingi elfu mbili kwa mwezi. Kwa mwezi ni ya kwenye karatasi tu. Mara nyingi zinarundikwa za miezi miwili, zikaja elfu nne kwa pamoja, na siku ya kuja haijulikani mpaka mzee wa mtaa apite akitangaza.

Basi juzi juzi zikaingia. Huku kwetu Kwale tukapanda boda alfajiri mpaka kwa ajenti wa benki. Tulikuta foleni ya wazee, wengine wameketi chini kabisa, fimbo zimelazwa kando. Hata benchi hakuna.

Zamu ya mama ikafika. Kijana wa pale hakumwamkia. Alimvuta kidole cha shahada akakibonyeza kwenye ile mashine, mashine ikalia, ikakataa. Kidole gumba, ikakataa. Mama akafuta mkono kwa leso yake, akajaribu tena. Mama mmoja nyuma yetu akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka, tukampaka kidogo kwenye ncha za vidole. Wapi! Kijana, macho yakiwa kwenye simu yake, akasema kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia: "Huyu vidole vyake vimekufa. Mtoeni, anachelewesha wengine."

Vimekufa? Mikono ile imesuka makuti tangu mimi sijazaliwa. Imelima muhogo, imekuna nazi za kupikia watu harusini, imetulipia karo. Ukimshika ncha za vidole ni laini kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa miaka mingi, mistari imefutika yote. Kila anayehudumia wazee wa kazi za mikono anajua jambo hili. Sasa mbona mashine iwe ndiyo shahidi peke yake? Kitambulisho anacho. Kadi anayo. Sura ni ile ile ya kwenye picha.

Mama akamwambia taratibu, "Mwanangu, hebu jaribu tena, nimetoka mbali." Kijana akamwita mtu wa nyuma.

Niseme haki, mpango wenyewe ni mzuri. Zamani pesa za namna hii walipewa wazee wa nyumba maskini waliochaguliwa. Tangu 2018 ukishafika miaka sabini, na huna pensheni nyingine, unastahili. Mvuvi, mkulima, msusi wa makuti, watu ambao hawakuajiriwa maisha yao yote, nao wanakumbukwa na serikali. Kwa mamangu elfu nne ni dawa za presha, unga, na deni la dukani. Tena ni pesa yake, hamwombi mwanawe wala mkwewe. Siku akizipata hata sauti yake inabadilika. Kwa hilo mimi nashukuru kwa moyo wote.

Lakini ni elfu mbili ile ile ya 2018, na unga wa leo si wa bei ya 2018! Na mjomba wangu, aliyetimiza sabini baada ya ule usajili, alikaa miaka akiambiwa asubiri orodha ifunguliwe.

Tulikwenda mpaka tawi la benki, Ukunda. Dada wa pale aliinuka, "Shikamoo mama," akamvutia kiti, akamsafisha mikono, akajaribu kidole baada ya kidole bila haraka mpaka kile cha pete, mkono wa kushoto, kikakubali. Akatueleza kwamba mzee anaweza kuandikisha mlezi, yaani mtu wa kumchukulia pesa, na mlezi naye akachukuliwa alama za vidole, ili siku vidole vya mzee vikigoma pesa zisilale. Miaka yote hii hakuna aliyetuambia!

Nilidhani nikifika hapa nitakuwa nimepoa niandike kwamba huduma ni nzuri. Siwezi. Nauli ya boda na matatu imekula sehemu ya pesa yenyewe, na wale wazee tuliowaacha foleni hawana wote mtoto wa kuwapeleka Ukunda. Alichofanya yule dada, yule kijana pia angeweza kukifanya, kwani mashine ni za kazi moja. Hakutaka. Ajenti wa namna hiyo anyang'anywe kazi ya kulipa wazee, abaki na wateja wake wengine.

Na wewe mwenye mzazi kwenye mpango huu, usingoje vidole vikatae. Nenda kwa chifu au kwa afisa wa huduma za jamii, uliza habari ya mlezi, na usiondoke mpaka jina liandikwe.