Vakyum ya karakana: wati si kitu, tizama filta

Assalamu alaykum watazamaji. Niko karakanani Mji Mkongwe, kwenye vumbi la mvule na mfenesi, na mbele yangu zipo mashine mbili za kufyonza. Hii kubwa ya pipa ina mota mbili, wati 2400, filta ya kitambaa. Hii ndogo ni wati 1200, daraja la M, yaani kipimo cha filta inavyozuia vumbi.

Tunaanza na maranda. Kubwa inashinda, tena mbali! Mpira wake mpana unapitisha hewa nyingi, na hewa ndiyo inayobeba taka.

Sasa unga wa msasa. Sikilizeni mlio unavyopanda na kuwa mwembamba. Wengi hudhani hapo mashine imekaza kazi. Sivyo. Kitambaa kimeziba, hewa haipiti, mota inazunguka mbio bila ya mzigo. Shikeni mpira: hauvuti.

Boksi litakwambieni lita za hewa kwa sekunde na mvuto kwa milibari. Milibari hupimwa mpira umezibwa, lita hupimwa uko wazi. Namba mbili hizo hazikutani kazini hata siku moja, na zote ni za filta safi.

Ndogo bado inavuta, kwa sababu inajikung'uta filta yenyewe. Daraja la M kwa viwango vya Ulaya lazima lizuie asilimia 99.9 ya vumbi, na mashine ipige king'ora mwendo wa hewa mpirani ukishuka chini ya mita 20 kwa sekunde.

Linaloniuma ni hili: tizameni nyuma ya ile kubwa, kwenye mwanga wa dirisha. Unga unatoka! IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeshaliweka vumbi la mbao kwenye visababishi vya saratani, na vijana wetu wanaochonga milango wanalivuta kutwa.

Mafundi wa nyumba za mawe, chokaa na unyevu wetu huu hugandana kwenye filta. Ikung'uteni jioni ile ile, nje, na barakoa usoni.

Kwa maranda, chukueni kubwa. Kwa msasa, ndogo, ijapokuwa ni ghali. Mwenye kubwa tayari aitilie mfuko wa ndani, utapunguza kuziba. Na kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji: filta ya akiba anayo hapa Unguja, au mpaka aagize Dar?